Nani Anawahesabu Watoto?



Wiki iliyopita niliahidi kwamba leo nitamalizia mazungumzo yetu juu ya bei ya samaki. Naomba radhi, samaki watangoja. Kuna jambo limenikaa kifuani tokea Jumatatu asubuhi, na nikilinyamazia nitaona haya kukaa tena mbele ya kipaza sauti hiki.

Jumatatu hiyo nilikuwa nimesimama kando ya barabara, nje ya skuli moja hapa Chake Chake, nangoja gari ya kwenda Mkoani. Saa moja kasoro robo ikaja Noah, gari ambayo wengi wetu tunaijua: viti vinane, na kimoja katika hivyo ni cha dereva. Mlango wa ubavuni ukavutwa, watoto wakaanza kushuka. Walikuwa watoto wa maandalizi na wa darasa la kwanza, mashati meupe, mikoba mikubwa kuliko migongo yao. Mimi nilisomesha miaka mingi, na mwalimu hata akistaafu macho yake huhesabu yenyewe. Nikahesabu. Nilipofika kumi nikadhani wamekwisha. Nilipofika kumi na tano nikacheka. Nilipofika ishirini sikucheka tena. Wa ishirini na tatu alitolewa nyuma, pale panapowekwa mizigo, amelala, akashikwa mkono mmoja na kushushwa kama mkungu wa ndizi.

Nikamsogelea dereva. Ni kijana mwema, tunasali msikiti mmoja. Nikamuuliza:

"Kijana wangu, leo umewapakia wangapi?"

"Kama ishirini hivi, maalim," akanijibu kwa adabu zote. "Lakini hawa wadogo, hawajazi gari. Wawili wanakaa kiti kimoja, na wengine hata kukaa hawataki, wanapenda kusimama waone njia."

Ndugu wasikilizaji, si ile ishirini na tatu iliyonitia baridi. Iliyonitia baridi ni ile "kama". Mtu amekabidhiwa watoto wa watu, amewachukua milangoni kwao mmoja mmoja, na anapofika mwisho wa safari hajui amewachukua wangapi. Akiwa hajui waliopanda, atajuaje kama wote wameshuka?

Nina sababu ya kulichukia neno hilo. Miaka michache nyuma mjukuu wangu, wakati huo ana miaka mitano, alikuwa akipelekwa skuli na kurejeshwa kwa gari ya kukodi, mfano wa hiyo hiyo. Siku moja adhuhuri gari ikapita, watoto wa jirani wakashuka, yeye hakushuka. Mama yake akadhani amebaki skuli. Skuli wakasema ameondoka. Dereva akasema kamshusha. Kamshusha wapi? "Kama pale pale penye duka." Tulimtafuta tokea adhuhuri mpaka karibu na alasiri. Mtoto alikuwa ameshushwa vituo viwili kabla ya kwao. Alipitiwa na usingizi, akaamshwa kwa haraka, akaambiwa teremka, akateremka. Bibi mmoja anayeuza mihogo alimwona analia, akamkalisha kivulini, akampa maji, akawauliza wapita njia huyu wa nani mpaka akapatikana mtu anayetujua. Nampa shukurani bibi yule mpaka leo. Lakini usalama wa mtoto wangu siku ile haukutokana na mpango wa mtu yeyote. Ulitokana na muuza mihogo kuwa na huruma.

Na nitasema kweli yangu. Mimi na wazazi wake tulimlaumu dereva sana, lakini hapana hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza anabeba watoto wangapi. Tulimuuliza jambo moja tu: kwa mwezi unachukua kiasi gani? Alipotaja, tukamwomba apunguze.

Hebu tazameni namna tunavyolisafirisha gunia la karafuu. Msimu ukifika, mtu akipeleka karafuu zake kwenye kituo cha ZSTC, gunia linapimwa, linaandikwa, mwenyewe anapewa stakabadhi. Likipakiwa kwenye gari linahesabiwa, likishushwa linahesabiwa. Pakipungua moja, hapana mtu atakayekubali kuambiwa "yalikuwa kama arubaini". Watatafutana mpaka usiku. Mimi siyaonei wivu magunia. Nasema tu kwamba hesabu tunaijua, daftari tunalo, kalamu tunayo, na hapana cha kununua kutoka ng'ambo.

Na watu wa kisiwa hiki, kuliko watu wengine, tulipaswa kuwa tumejifunza. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama njiani kutoka Unguja kuja kwetu hapa, imepakia watu kupita kiasi ilichoruhusiwa. Maiti zaidi ya mia mbili zilipatikana, na mamia ya watu hawakuonekana tena. Ni nyumba ngapi hapa Pemba zilizokaa matanga bila ya kaburi? Na mpaka leo ukiuliza ni watu wangapi hasa walikuwamo, utapewa hesabu hii na hesabu ile. Wengi waliopanda hawakuandikwa, na watoto waliobebwa mikononi ndio wa mwanzo kuachwa nje ya orodha, kwa sababu mtoto wa mkononi kwetu sisi hahesabiwi mtu wa safari. Baada ya hapo tukasema mengi juu ya meli. Juu ya gari ya watoto, inayokwenda na kurudi kila siku mbele ya milango yetu, hatukusema kitu.

Labda mtu ataniambia: maalim, unatutisha, Pemba ni ndogo, gari zetu hazikimbii. Zamani ningekubaliana naye. Zamani barabara zenyewe zilikuwa dereva wa pili. Mashimo na matope yalimzuia hata aliyetaka kukimbia. Siku hizi lami imetandikwa, na ni neema, Mungu awalipe waliofanya kazi hiyo. Lakini vilima ni vile vile, kona ni zile zile, na gari ni zile zile kuukuu zilizokwisha kazi yao katika nchi nyengine. Mtu anashuka kilima kwa kasi ambayo miaka ishirini nyuma asingeithubutu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko maradhi yoyote. Kasi ndiyo ya mwanzo katika sababu zake. Linashauri mwendo wa kilomita 30 kwa saa pale watoto wanapotembea. Simama nje ya skuli yoyote iliyo kandoni mwa barabara kuu, kutoka Mkoani mpaka Konde, uniambie gari ngapi zinapita kwa mwendo huo.

Wenzetu wa Bara wameshalipa. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi wa Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Karatu. Watoto 32 walikufa, pamoja na walimu wao wawili na dereva. Walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa majaribio. Tarehe 26 Julai 2022, Mikindani, Mtwara, gari ndogo ya wanafunzi iliangukia shimoni, wakafa wanafunzi wasiopungua wanane. Na tarehe 12 Aprili 2024, kule Muriet, Arusha, gari ya wanafunzi ilichukuliwa na maji ya mvua na watoto wanane wakafa.

Hii ya Muriet nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu ndiyo inayofanana na sisi. Ilikuwa asubuhi, ilikuwa masika, maji yanapita juu ya njia, na dereva aliyapitia. Sasa nani kati yetu hajawahi kuwamo ndani ya gari iliyosimama mbele ya maji bondeni, dereva anachungulia, abiria mmoja anasema pita na mwengine anasema ngoja? Mtu mzima ana ulimi, anaweza kusema "mimi niteremshe hapa". Mtoto wa miaka mitano hana ulimi huo. Anakwenda anakopelekwa. Kwa hivyo uamuzi ule hauwezi kuachiwa dereva peke yake, ambaye nyuma yake skuli inangoja na mbele yake saa inakwenda. Inatakiwa kanuni iliyowekwa kabla ya mvua: maji yakiwa juu ya barabara na chini hapaonekani, gari ya watoto inarudi, na siku hiyo hapana mwalimu atakayemuadhibu mtoto aliyechelewa. Mwalimu mkuu aitangaze kanuni hiyo mwezi wa Machi, mbele ya wazazi na madereva, ili dereva anaporudi asionekane mwoga.

Nije kwenye kupakata. Utingo wetu wanalipenda sana neno hili: "Mpakate mtoto, bi mkubwa, mpakate!" Na sisi tunapakata, tukiamini kwamba hapana mahali penye salama kuliko mapajani mwa mama. Kwa mapenzi ni kweli, kwa gari si kweli. Chukua mtoto wa kilo 15. Gari inakwenda kilomita 50 kwa saa, ikagonga kitu ikasimama ghafla. Katika nukta ile mtoto anatupwa mbele kwa nguvu ya kiasi cha kilo 200, kama magunia manne ya kilo hamsini hamsini. Ni mama gani ana mikono ya kuzuia magunia manne? Na kama mama mwenyewe hakufunga mkanda, atamwangukia mtoto kwa uzito wake wote. Huyo mtoto anayesimama "aone njia" ndiye atakayepita kwenye kioo wa kwanza. Mkanda wa mtu mzima nao haumtoshi mtoto mdogo, humkata shingoni na tumboni, ndiyo maana wenye uwezo wakatengeneza viti maalumu vya watoto. Viti hivyo ni ghali na sitawaambia mkavinunue kesho. Nasema la mwanzo kabisa: kila mtoto makalio yake juu ya kiti chake, viti vya nyuma, hapana kusimama, na hapana mtoto kukaa mbele na dereva ati kwa sababu ni mtoto wa mwenye gari.

Lakini hata gari ikiwa na viti vya kutosha, hatari kubwa ina mahali pengine, na hapa ndipo ninapowaomba madereva wanisikilize. Wanaojua kazi ya mabasi ya wanafunzi wanasema mtoto yumo hatarini zaidi anapopanda na anaposhuka kuliko anapokuwa amekaa ndani. Gari zetu nyingi za abiria hapa zina mlango wa nyuma. Mtoto anashukia nyuma, katikati ya lami, gari ya pili inakuja. Anayeshukia ubavuni naye, kama kwao ni ng'ambo ya barabara, hupita mbele ya gari aliyoshuka. Yeye ni mfupi, dereva wake hamwoni chini ya boneti, na anayekuja upande wa pili hamwoni mpaka ametokeza. Wakati huo utingo ameshapiga bodi, twende! Dawa yake haina gharama. Mtu mzima ashuke wa kwanza, amshike mtoto mkono, amvushe mwenyewe, kisha ndio gari iondoke. Dereva hawezi kufanya kazi hiyo, kwa hivyo lazima awepo mtu wa pili, na mtu huyo asiwe mtoto wa darasa la sita aliyepewa usafiri wa bure.

Mtu huyo wa pili ana kazi nyengine pia: safari ikisha, aingie ndani, atembee mpaka kiti cha nyuma, atazame chini ya viti. Wengi wetu tuna ndugu Maskati, Dubai na Doha, na huko wanayo mabasi ya skuli mazuri yenye viyoyozi. Lakini Qatar, Septemba 2022, mtoto wa kike wa miaka minne alisahauliwa ndani ya basi la chekechea. Alilala, mlango ukafungwa juu yake, joto likamuua. Basi zuri halikumsaidia, kwa sababu hapana aliyetembea hatua chache kutazama viti.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya nchi tajiri. Nawajibu kwamba nchi tajiri nazo zilianzia tulipo. Marekani, katika miaka ya 1930, wako watoto waliokuwa wakipelekwa skuli kwa magari ya kubebea ngano, kila wilaya na mtindo wake. Aprili 1939 mwalimu mmoja, Frank Cyr wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliwakusanya watu wa elimu na watengenezaji wa magari mjini New York. Kwa siku saba waliandika kanuni 44 za basi la skuli. Moja katika hizo ni ile rangi ya manjano, iliyochaguliwa kwa sababu huonekana mapema katika mwanga hafifu wa alfajiri. Huko leo basi la manjano likisimama na kuwasha taa nyekundu, magari yanayolifuata husimama, na kwa kawaida hata yanayokuja mbele yake. Jirani zetu wa Kenya walibadilisha sheria yao ya barabarani mwaka 2016, wakaagiza rangi ya manjano na mikanda. Na Bara mabasi ya manjano mnayaona wenyewe mkivuka. Rangi ni nzuri, naiunga mkono. Isipokuwa naogopa tusije tukapaka rangi Noah yenye watoto ishirini na tatu tukasema kazi imekwisha.

Sasa nirudi kwa yule kijana wetu, kwa sababu kumlaumu ni rahisi. Nilikaa naye baada ya sala ya isha akanipigia hesabu zake. Gari si yake, kila siku ana fedha ya kumpelekea mwenyewe. Mafuta yanakuja kwa meli na bei yake sote tunaijua. Matairi, breki, leseni. Akibeba watoto saba, kila mzazi atalazimika kulipa mara tatu ya anacholipa leo. "Maalim," akasema, "mimi nitafurahi. Niambie ni mzazi gani atakubali." Nikanyamaza, nikikumbuka tulivyomwomba yule mwengine apunguze.

Jawabu moja ni kwenda mara mbili. Skuli na skuli haziko mbali, na dereva anaweza kuwachukua wa njia moja, akarudi kuwachukua wa njia ya pili. Mafuta yataongezeka, lakini hayatafika mara tatu, na wa mwanzo watafika skuli mapema, kwa hivyo mwalimu mmoja awepo langoni. Jawabu la pili ni wazazi wa mtaa mmoja kushirikiana kumlipa mama mmoja mtu mzima awatembeze kwa miguu wale walio karibu, ambao kwa kweli hawahitaji gari. Tunawapandisha gari watoto wanaokaa umbali wa sauti ya adhana! Watu wa leseni na askari wa barabarani nao wana sehemu yao. Idadi ya abiria imeandikwa katika leseni ya kila gari, na haikuandikwa kwamba watoto watatu ni mtu mmoja. Askari anayeinua mkono wake kuisimamisha gari ya karafuu kutazama stakabadhi, anaweza kuisimamisha na ya watoto.

Jumatano jioni wazazi tulikutana skulini. Sitaitaja skuli, maana mkutano haukuwa mtamu wote. Ada mpya hatukukubaliana, na safari mbili zitajaribiwa mpaka mwisho wa mwezi. Jambo moja lilipita: daftari. Daftari la kawaida la kurasa arubaini, majina ya watoto, tiki ya kupanda na tiki ya kushuka, linashikwa na mama mmoja aliyejitolea kukaa ndani ya gari kwa wiki hizi za mwanzo. Wapo waliocheka.

Jana, siku ya mwanzo ya daftari, adhuhuri, safari ya kwanza ilionesha waliopanda kumi, walioshuka tisa. Gari ikasimamishwa. Wakatazama chini ya viti, wakampigia simu mwalimu, wakarudi njia yote mpaka langoni, watu wote roho mikononi. Baada ya dakika ishirini ikajulikana kwamba mtoto alishukia kwa shangazi yake, mama yake alimwambia dereva kwa mdomo asubuhi, na dereva alisahau kumwambia mwenye daftari. Mama akaja skulini kakasirika: kwa nini ametiwa hofu bure? Mwalimu akampa kalamu, akamwambia, "Bi mkubwa, kesho akienda kwa shangazi yake, tuandikie hapa."

Akaandika. Leo asubuhi nilikwenda kuangalia, na chini ya jina lake kuna wazazi wawili wengine walioandika pia.

Samaki ni wiki ijayo, inshaallah.